Injini ya pikapu imekufa ikiwa na waranti: ukubali matengenezo gani?

Pikapu inayobeba viazi kutoka shambani hadi barabara kuu haina siku nyingi za kupumzika. Ikianza kugonga wakati wa mavuno, mwenye gari huwaza jambo moja tu, irudi kazini haraka. Lakini kama gari lina waranti ya nyongeza, yaani dhamana iliyonunuliwa ili iendelee pale ile ya mtengenezaji inapokoma, haraka hiyo inaweza kumgharimu injini nzima. Fundi wa jirani akishafungua boliti, dalili za kilichoharibu injini zinapotea, na mtoa waranti anapata sababu ya kukataa kulipa.

Kwa hiyo zima gari. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukipanda hadi mwisho, usijipe moyo kwamba utafika mjini. Beringi za krenki zikikosa oili huungua ndani ya dakika chache, na mikataba mingi hailipi uharibifu uliozidi kwa sababu dereva aliendelea kuendesha. Piga picha ya dashibodi ikionyesha taa na kilomita, kisha mpigie mtoa waranti kabla ya kumpigia fundi. Muulize nani analipia gari la kuvuta na gereji zipi zinakubaliwa.

Ukiwa unasubiri, toa mkataba kabatini. Waranti ya nyongeza si muendelezo wa ile ya mwanzo. Ni mkataba mwingine, na mara nyingi anayeutoa ni kampuni tofauti na iliyotengeneza gari. Ipo inayotaja sehemu zinazolipiwa moja moja, na kisichotajwa hakilipiwi. Nyingine hutaja visivyolipiwa, na vilivyobaki vyote vimo. Hii ya pili ni bora zaidi kwa mwenye gari. Tafuta pia kiwango cha juu cha malipo, kiasi unachochangia mwenyewe, na kama utalipwa gharama za kukodi gari jingine. Hasara ya mazao yaliyooza njiani kwa kawaida haimo, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Chanzo kwanza, bei baadaye

Mazungumzo ya gereji hupenda kuanzia kwenye bei. Tunashauri uanzie kwenye swali hili: nini kiliiua injini? Bila jibu lake huwezi kujua kama unahitaji gasketi ya silinda hedi au injini kamili.

Mengi yanaweza kujulikana kabla ya kufungua chochote. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Fundi mwenye vifaa atapima kompresheni ya kila silinda. Zikitofautiana sana, silinda dhaifu ndiyo ya kuchunguzwa. Atapima presha ya oili kwa geji ya mkono badala ya kuamini taa, na atakata filta ya oili afungue karatasi yake. Chembe za chuma zinazong'aa humo ni habari mbaya, maana zinaonyesha kwamba chuma kimesagika na kusambaa na oili kwenye injini nzima.

Ikibidi injini ifunguliwe, hapo ndipo wengi hunaswa. Mtoa waranti husema, fungueni kwanza, tukiona kilichoharibika kimo kwenye mkataba tutalipa. Akiona hakimo, gharama ya kufungua inakuwa yako, na gari lako limelala vipande vipande kwenye gereji ya watu. Omba gharama hiyo iandikwe kwa tarakimu kabla ya spana ya kwanza, na ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi. Sema pia kwamba sehemu zilizotolewa zisitupwe mpaka shauri liishe.

Njia za kuitengeneza

Kubadilisha sehemu moja kunafaa pale uharibifu haukutoka nje yake. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua, kwa mfano, hubadilishwa na hedi ikapelekwa karakana ya kuchonga vyuma ipimwe kama imepinda. Lakini gasketi haiungui bure. Kama rejeta imeziba au themostati imekwama na havikuguswa, baada ya miezi michache utakuwa hapo hapo.

Ovahoo ni kuifungua injini yote, kuchonga silinda, kusaga krenki, na kuweka pistoni, ringi na beringi za saizi nyingine. Ni njia ambayo mafundi wetu wanaijua, na ikifanywa vizuri injini huishi miaka. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea mkono wa mchongaji na vipimo vyake, na kwa baadhi ya injini mpya za dizeli mtengenezaji hatoi pistoni za saizi iliyoongezwa. Uliza kabla hujakubali.

Kuna pia nusu injini, yaani bloku iliyofungwa krenki na pistoni kiwandani, halafu hedi yako inarudishwa juu. Kwetu sisi, hii ndiyo ya kuombwa pale sehemu ya chini imekufa na hedi ni nzima, kwa sababu kazi ngumu imefanyika kiwandani. Injini kamili mpya ni bora zaidi, lakini bei yake huweza kupita kiwango cha juu cha malipo, na kinachozidi utalipa wewe.

Mtoa waranti anaweza kupendekeza injini ya mtumba. Usiikatae kwa jina tu, ila omba ipimwe kompresheni mbele yako, ujue imetoka kwenye gari gani, na upewe dhamana yake kwa maandishi. Kumbuka pia namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, taarifa zirekebishwe TRA, au NTSA kwa walioko Kenya, la sivyo siku ya kuuza gari utapata taabu.

Na njia yoyote utakayochagua, kama filta ilikuwa na chembe za chuma, kipoza oili na tabo visafishwe au vibadilishwe. Chembe zilizobaki humo zitaiua injini mpya kama zilivyoiua ya zamani. Hali ni hiyo hiyo pampu ya dizeli ikisagika: nozeli, mabomba na tanki vyote vimekwishapata chuma.

Wakikataa kulipa

Sababu zinazotajwa sana ni sevisi kutofanywa kwa wakati, mzigo kupita kiasi na dizeli chafu. Ya kwanza unaweza kuijibu ikiwa una risiti. Kijijini risiti hupotea au hazitolewi, kwa hiyo kila sevisi piga picha ya kilomita, kopo la oili na filta mpya, uihifadhi kwenye simu. Dizeli ya madumu ni ngumu kuitetea, na hatuoni njia ya kukwepa hilo isipokuwa kununua kituoni na kutunza risiti.

Omba kukataliwa kwako kuandikwe na kifungu kitajwe. Mlete fundi asiyefungamana na upande wowote aangalie sehemu zile zilizohifadhiwa. Kama waranti imetolewa kama bima, Tanzania kuna TIRA inayosimamia bima, na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama si bima, malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Gari likitengenezwa, kabla ya kusaini, soma kama waranti ya nyongeza bado inaendelea kwa sehemu mpya na kwa muda gani. Piga picha ya namba ya injini na kilomita palepale gerejini. Kilomita 1,000 za mwanzo usijaze mzigo, angalia oili na maji kila asubuhi, na urudi kubadilisha oili siku ambayo gereji imekuandikia.