Kutoka Jinja hadi Ndani ya Seli: Historia ya Saratani ya Burkitt

Kinasi zinapotajwa darasani, wengi wetu tunaosoma Mbale hudhani ni habari za maabara za Ulaya na Marekani peke yake. Katika insha hii ninadai kwamba sehemu ya historia hiyo ilianzia kwetu, mashariki ya Uganda, na kwamba watoto waliochangia hawajapata haki yao.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye Burkitt alizuru hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto mwingine akiwa na mama yake, uso umevimba vilevile. Kisa kimoja kingepita kama ajabu. Cha pili kilimfanya apekue kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza.

Mwishoni mwa 1961, Burkitt na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yao ilionyesha kwamba katika Afrika Mashariki ugonjwa huu ni nadra juu ya mita 1,500, yaani kwenye baridi ambako malaria pia hupungua. Sisi wa Mbale tunaielewa ramani hiyo bila taabu: mji wetu uko chini ya mstari huo, na miteremko ya Mlima Elgon inaupita.

Machi 1961 Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt jijini London, akashuku kuwa kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi peke yake havikutosha kueleza ugonjwa. Mwaka 1982 watafiti walionyesha kwamba jeni MYC, iliyoko kromosomu ya 8, huhamia mara nyingi kromosomu ya 14 na kubaki imewaka. Hapo ndipo kinasi zinapoingia. Kinasi ya protini huchukua fosfeti kutoka ATP na kuibandika kwenye protini nyingine, ambayo kwa hiyo huanza au huacha kazi. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliigundua kazi hiyo katika miaka ya 1950, wakatunukiwa Nobeli mwaka 1992. Katika seli nzima, ishara hupita kisha hukatika. Utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba seli za Burkitt hutegemea ishara isiyokatika: PI3K hubandika fosfeti kwenye mafuta ya utando wa seli, na kinasi za protini kama AKT hupokea ujumbe na kuiambia seli iendelee kuishi.

Na seli zinazotumika katika tafiti za namna hii zilitoka wapi? Moja ya aina zinazokuzwa maabara duniani kote huitwa Daudi. Ilitokana na uvimbe wa mvulana wa Kenya mwaka 1967. Nyingine, Raji, ilitokana na mtoto wa Nigeria mwaka 1963. Wanafunzi wa nchi za mbali wanajifunza ishara za seli kwa seli hizo, huku sisi hatujui hata kwamba ni za jirani zetu.

Jambo zito zaidi ni matibabu. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kampala walionyesha kwamba dawa kama siklofosfamidi huweza kuponya ugonjwa huu, na mwaka 1967 kituo cha limfoma kilifunguliwa Mulago, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri, watoto kama 9 kati ya 10 hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu wengi hufika wamechelewa, au nauli na dawa huisha kabla ya matibabu.

Kwa hiyo ninaona historia hii ifundishwe pamoja na biokemia, kwa Kiswahili pia. Muuguzi wa zahanati anayejua maana ya taya lililovimba atamwahi mtoto mapema, na kwa saratani inayokua kwa kasi hivi, hata wiki moja ni nyingi.