Haki inapovunjwa nyumbani: namna ya kutambua na kuchukua hatua Tarime na Serengeti

Tunaposikia maneno "haki za binadamu", wengi wetu huwaza mahakama kubwa, wanasheria na mikutano ya kimataifa. Lakini haki nyingi huvunjwa karibu zaidi: sebuleni, jikoni, shambani, na mara nyingi na watu wanaotupenda. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, mfano ulio wazi ni ukeketaji wa wasichana na ndoa za utotoni zinazoufuata. Katika makala hii tunaeleza haki hizo ni zipi, dalili za hatari ni zipi, na jirani, mwalimu, ndugu au binti mwenyewe afanye nini.

Haki ni nini, na nani anawajibika?

Haki za binadamu ni zile anazokuwa nazo kila mtu kwa sababu tu ni binadamu. Hapewi na mume, baba wala ukoo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inazitaja kuanzia ibara ya 12, inayosema kila mtu anastahili heshima na kutambuliwa utu wake. Ibara ya 13 inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Sura hiyo ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Wajibu wa kuzilinda upo kwa serikali. Mzazi akimkeketa bintiye, ametenda kosa la jinai. Polisi akipewa taarifa mapema kisha akasema "hayo ni mambo ya kifamilia", hapo dola nayo imeshindwa kutimiza wajibu wake. Ni vizuri kuzitenganisha hatua hizi mbili, kwa sababu kila moja ina mahali pake pa kulalamikia.

Sheria inasema nini?

Tangu mwaka 1998, kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu yeyote mwenye ulinzi au malezi ya mtoto wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Kutoa taarifa si umbeya. Ni wajibu wa kisheria.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi alikipinga kipengele hicho mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Kwa nini bado yanaendelea?

Takwimu zinaonyesha mabadiliko, ila ya polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Kitaifa ilikuwa asilimia 10, kisha 8.

Kinachobaki ni nguvu ya ukoo na mfuko. Miongoni mwa Wakurya, msichana asiyekeketwa huitwa msagane, neno la dharau linaloweza kumfuata hadi kisimani na kwenye nyumba ya mumewe. Wazazi huogopa kwamba hataolewa, au ataolewa kwa ng'ombe wachache. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na wazee wa mila nao hupata sehemu yao. Kwa hiyo baba anayekataa hapingani na mkewe tu, anapingana na kundi zima lenye maslahi. Tukilisahau hilo, tutamlaumu mzazi mmoja na kuwaacha wengine wakisubiri msimu ujao.

Dalili za hatari

Msimu wenyewe kwa kawaida huangukia Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa, katika mwaka ambao wazee wa koo wametangaza. Binti aliyemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na anayesubiri kujua kama atakwenda kidato cha kwanza ndiye yuko hatarini zaidi. Angalia mambo haya:

- Wazee wa ukoo wameanza vikao, na ngariba anaonekana kijijini.
- Familia inaandaa sherehe, inanunua kanga na kukusanya nafaka, wakati hakuna harusi wala kijana wa kutahiriwa.
- Binti anaambiwa atakwenda "kumsalimia" bibi au shangazi ng'ambo ya mpaka au kijiji cha mbali. Mpaka na Kenya uko jirani, na Wakurya wanaishi pande zote mbili.
- Watu wanaanza kuzungumzia mahari yake.
- Binti mchangamfu ananyamaza, anaogopa kurudi nyumbani, au anauliza maswali yasiyo ya kawaida kwa mwalimu.

Ukiona binti anasindikizwa barabarani kwa nyimbo, amefunikwa kanga na kupewa fedha, tendo limeshafanyika. Hapo haja ya kwanza ni matibabu, kwa sababu kuvuja damu na maambukizi vinaweza kuua.

Nini cha kufanya

Kwanza, usalama wa binti. Kama hatari ni ya leo au kesho, usianze kwa kuwakabili wazazi. Ukifanya hivyo wanaweza kumhamisha usiku huohuo. Piga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyotozwa malipo, au 112 ya polisi kwa dharura.

Pili, toa taarifa kwa mtu anayewajibika: mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii, mwalimu mkuu, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kama mwenyekiti wa kitongoji ni ndugu wa familia hiyo, mruke na uende ngazi ya juu. Polisi wakishafungua taarifa, omba namba ya RB na uiandike. Kwa aliyeumizwa, polisi hutoa fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza, na baadaye inakuwa ushahidi.

Tatu, weka kumbukumbu. Andika tarehe, saa, mahali, majina na maneno yaliyosemwa. Usimpige picha binti na kuisambaza kwenye makundi ya simu. Ukimwanika, unamwongezea madhara, na unaweza kuharibu kesi yake.

Nne, msaidie afike mahali salama. Katika eneo letu kuna vituo vinavyopokea wasichana waliokimbia. Tarime kipo Kituo cha Masanga. Mugumu, makao makuu ya Serengeti, ipo Nyumba Salama ya shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana. Wajitoleaji wa mradi wa Crowd2Map wamechora ramani za vijiji vya Mara ili polisi na waokoaji wavifikie upesi, kwa kuwa zamani vijiji vingi havikuonekana kwenye ramani yoyote.

Ukipuuzwa je?

Kama ofisa amekataa kukusikiliza, peleka lalamiko kwa mkuu wake, yaani mkuu wa polisi wa wilaya au mkurugenzi wa halmashauri. Ikishindikana, unaweza kuandika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001. Tume huchunguza malalamiko dhidi ya vyombo vya umma, ila haiingilii shauri ambalo tayari liko mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumsaidia asiye na uwezo wa kulipa wakili.

Baada ya kuokolewa

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Shahidi mkuu ni mtoto, na mshtakiwa ni mama yake. Ndugu huja na maneno matamu: "Utamfunga mama yako, wadogo zako watakula nini?" Binti hubadili maelezo na shauri hufutwa. Tusimhukumu. Anachohitaji ni mtu mzima atakayesimama naye mpaka mwisho, na ushahidi wa daktari na majirani ili mzigo wote usiwe mabegani mwake.

Wengi wa wasichana hawa wanataka kurudi nyumbani. Vituo huwaita wazazi, na wanapokubali huahidi kwa maandishi kwamba hawatamkeketa wala kumwoza, na maofisa wa serikali huendelea kufuatilia. Wazazi wengine hukataa, na binti hubaki kituoni akiendelea na masomo.

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, wakati uleule ambao huku kwetu visu hunolewa. Mabango na hotuba vina nafasi yake. Lakini binti aliye ndani ya nyumba ya jirani yako hawezi kusubiri hotuba. Iandike namba 116 ukutani, mahali ambapo watoto wataiona.