Mipaka ya Neno Ambatano katika Kidenmaki: Maelezo Mafupi ya Historia

Mwanafunzi wa isimu anayekutana kwa mara ya kwanza na neno la Kidenmaki speciallægepraksisplanlægningsstabiliseringsperiode hudhani kwamba mpiga chapa alisahau kuacha nafasi. Neno hilo lina herufi 51, na maana yake ni kipindi cha kuimarisha upangaji wa kazi za madaktari bingwa. Umaarufu wake wapita matumizi yake, kwani ni vigumu kumkuta Mdenmaki akilitamka sokoni. Hata hivyo, limeundwa kwa kanuni zilezile zinazounda neno la silabi mbili, na kanuni hizo ni za kale.

Jina lenyewe la nchi ni ambatano. Kwenye mawe ya Jelling, huko Jutland, yaliyosimamishwa na mfalme Gorm na mwanawe Harald katika karne ya 10, jina Danmark limechongwa kwa herufi za runi: Dan, yaani Wadani, na mark, ardhi ya mpakani. Wachongaji wa runi mara nyingi hawakuacha nafasi kati ya neno na neno. Kwa hiyo, swali la wapi neno huishia lilikuwa la sikio kabla halijawa la jicho.

Kichwa cha ambatano hukaa mwisho: vinglas ni glasi, wala si divai. Sisi tusemao «glasi ya divai» twatanguliza kichwa, na ndiyo maana msomaji wetu hulazimika kulisoma neno la Kidenmaki kutoka mkiani. Je, viungo vya ndani? Katika landsting, baraza la jimbo la enzi za kati, herufi s ilikuwa alama ya umilikaji, ikifanya kazi ya -a unganifu yetu. Baadaye s hiyo iliachana na umilikaji. Vin na glas huzaa vinglas, bila s. Lakini rødvin, divai nyekundu, na glas huzaa rødvinsglas. Vivyo hivyo, bordlampe ni taa ya meza, na taa ya meza ya kuandikia ni skrivebordslampe. Bila shaka divai nyekundu haimiliki glasi kuliko divai nyingine! Hapa s humwambia msomaji: unganisha kwanza yaliyonitangulia, kisha vuka. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika historia hii: kiambishi kilichopoteza maana yake kimepewa kazi ya kulinda mpaka.

Sikio nalo lina alama yake. Mwaka 1743, Jens Pedersen Høysgaard, ambaye hakuwa profesa bali mtumishi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alieleza ule mbano wa koo uitwao stød. (Wenye vyeo vya kitaaluma wamkumbuke.) Neno sol, jua, lina mbano huo, katika solskin, mwanga wa jua, sol huupoteza, na msikilizaji hutambua kwamba neno bado halijaisha.

Kukata neno mwishoni mwa mstari hufuata mantiki hiyohiyo. Katika neno sahili, konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na silabi ifuatayo: gla-sur, rangi ing'arishayo vyungu. Lakini mtu akiambatanisha glas, kioo, na ur, saa, atapata herufi zilezile, naye atakata glas-ur. Kiungo s hubaki kushoto: rødvins-glas. Katika neno letu refu s mbili hukutana, -nings na stabil-, na kila moja hurudi kwao. Mashine ya kupanga kurasa inayohesabu herufi bila kujua maana hukosea papo hapo.

Mwaka 1948 nomino zilinyang'anywa herufi kubwa na aa ikawa å. Mwaka 1955 iliundwa Dansk Sprognævn, baraza la lugha, na sheria ya mwaka 1997 ikazifunga shule na ofisi za serikali kufuata tahajia yake. Wengine huona ni ukali mno kwa ajili ya nafasi tupu kati ya maneno. Lakini dansk lærer, lenye mikazo miwili, ni mwalimu Mdenmaki, hata akifundisha hesabu. Dansklærer, lenye mkazo mkuu mmoja, ni mwalimu wa Kidenmaki, hata akiwa Mkongo.