Upepo, Mafuta na Umeme: Historia Fupi ya Nguvu ya Mseto katika Mashua za Tanga

Mtu akitaja mashua ya tanga iliyotiwa injini ya dizeli pamoja na mota ya umeme, wasikilizaji wengi hudhani wanaelezwa jambo lililozuliwa jana. Dhana hiyo haina msingi. Dizeli na umeme vilikutana majini tangu mwaka 1903. Tena kila mara vilipounganishwa palikuwapo upungufu fulani ambao kimoja peke yake hakikuweza kuuondoa. Mwenye kuufahamu upungufu huo katika kila zama ndiye awezaye kupima kwa haki sifa zinazotolewa leo juu ya mitambo hii.

Umeme ndio uliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1830, mtaalamu Moritz Hermann Jacobi aliendesha mashua ya umeme katika mto Neva, mjini St Petersburg, nayo ilibeba watu zaidi ya kumi. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa alibuni betri ya risasi na asidi iliyoweza kutiwa nguvu upya kila ilipokwisha. Mwaka 1881 Gustave Trouvé alipita katika mto Seine, mjini Paris, kwa mashua ndogo yenye mota iliyoweza kuondolewa chomboni na kurudishwa. Vyombo hivyo vilikwenda kimya, bila moshi wala harufu. Lakini betri zilikuwa nzito, na nguvu zake zilikwisha upesi. Kwa hiyo umeme ulibaki kuwa mtumishi wa mito na maziwa, mahali ambapo gati halikuwa mbali.

Injini ya Rudolf Diesel, iliyofaulu majaribio yake mjini Augsburg mwaka 1897, ilikuwa na sifa na kasoro zilizo kinyume cha hizo. Ilikwenda mbali kwa mafuta machache, ila katika miaka yake ya mwanzo haikuweza kugeuzwa izunguke kinyumenyume. Na chombo kisichoweza kurudi nyuma ni hatari bandarini. Basi mwaka 1903 kampuni ya ndugu wa Nobel ilitengeneza Vandal, meli ya kubebea mafuta katika mito na mifereji ya Urusi. Ndani yake mlikuwa na injini 3 za dizeli, kila moja yenye nguvu za farasi 120. Injini hizo hazikuzungusha rafadha, bali zilizalisha umeme, na mota za umeme ndizo zilizozungusha rafadha, mbele au nyuma, kama alivyotaka nahodha.

Hila hiyo ilifaa, lakini ilikuwa na gharama yake. Nguvu inapogeuzwa kuwa umeme, kisha umeme ukageuzwa tena kuwa mwendo, sehemu yake hupotea njiani kuwa joto. Wahandisi walilitambua jambo hili mapema sana. Katika meli iliyofuata, Sarmat ya mwaka 1904, dizeli iliunganishwa na rafadha moja kwa moja wakati wa safari ya mbele, na umeme ukatumiwa katika kurudi nyuma na kugeuka tu. Hivyo, katika muda wa mwaka mmoja, zilikwisha kupatikana njia mbili ambazo hata leo ndizo zinazoshindana: ile ya mfululizo, ambamo nguvu yote hupitia katika umeme, na ile ya sambamba, ambamo kila mtambo huweza kuisukuma rafadha kwa zamu yake.

Mwaka huohuo wa 1904 Ufaransa ilishusha majini nyambizi Aigrette, yenye dizeli ya kutumiwa juu ya maji na mota ya betri ya kutumiwa chini yake. Hapa upungufu ulikuwa wa namna nyingine: chini ya maji hakuna hewa ya kuchomea mafuta.

Mashua ndogo ya tanga ilichelewa kuingia katika historia hii, kwa kuwa upepo ulikuwa ukimtosheleza mwenyewe. Injini aliihitaji wakati wa shwari, au wa kuingia bandarini, au alipochoka kupiga bisho dhidi ya upepo wa omo. Dizeli zilipopunguzwa ukubwa katika karne ya 20, ndizo zilizokabidhiwa kazi hiyo. Lakini mahitaji hayo hayalingani. Kwa chombo kizito cha namna hii, nguvu inayotakiwa huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe: kutoka maili za baharini 4 kwa saa hadi 6, nguvu hupanda zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo injini iliyochaguliwa kwa ajili ya upepo mkali hufanya kazi nyepesi mno bandarini, ikachafuka kwa masizi.

Umeme huuziba upungufu huo vizuri. Lakini hesabu ya uzito haijafutika. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 12, na injini ndogo huweza kufikisha theluthi moja hivi kwenye rafadha. Kilo moja ya betri ya risasi haifikishi hata 0.05, na betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, zimepunguza tofauti hiyo bila ya kuiondoa. Utafiti ulioanza mwaka 2009 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ambao Nigel Calder alikuwa miongoni mwa waongozi wake, ulithibitisha walichokijua wajenzi wa Sarmat: katika safari ndefu ya mwendo wa kawaida, dizeli iliyounganishwa na rafadha moja kwa moja ni vigumu kuishinda.

Faida iliyo ya mashua ya tanga peke yake imo kwingine. Tanga likijaa upepo, maji yanayopita huizungusha rafadha, na mota ikawa jenereta inayojaza betri. Hapo chombo hupunguza mwendo wake kidogo, lakini upepo huwa umewekwa akiba.

Kiswahili kina maneno matatu ya mchanganyiko yawezayo kuitwa mtambo huu. Chotara ni neno la nasaba, na limezoea dharau. Mahuluti, lenye asili ya Kiarabu, lataja kuchanganyika tu. Mseto ni neno la jikoni: mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, na mpishi hujua kipi kitangulie motoni na kwa kiasi gani. Jina hili la tatu ndilo lililo karibu zaidi na historia iliyoelezwa, kwa maana katika mitambo hii pia vitu kuwekwa pamoja hakujatosha kamwe. Kilichofaa siku zote ni kujua zamu ya kila kimoja.