Maji ya viwanda Thika na Ruiru: kura ziko Kiambu, mfereji uko Yatta

Uzi kidogo, kwa sababu kila kampeni hoja ni zile zile. Mmoja anasema viwanda vinaua mito, vifungwe. Mwingine anasema hizo ni kazi za vijana, viachwe. Wote wanaruka historia.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913. Viwanda vikafuata reli na maji, maana mito ya Chania na Thika inakutana hapo mjini. Nguo, ngozi, mananasi ya mkebe, kahawa: zote zinakunywa maji, na yakishatumika lazima yaende mahali. Ruiru nayo ilianza na kahawa, viwanda vingine vikaja baadaye.

Sasa fungua ramani. Maji ya Ruiru yanaingia Athi, mwisho baharini karibu na Malindi. Mto Thika unaenda Tana. Lakini njiani, chini ya mji, kuna mfereji wa Yatta. Ulichimbwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau waliolazimishwa na wakoloni. Mpaka leo unapeleka maji ya Mto Thika kwa wakulima wa Machakos. Kwa hivyo anayemwaga uchafu yuko Kiambu, na anayemwagilia shamba kwa maji hayo hapigi kura Kiambu. Mwanasiasa wa juu ya mto anahesabu kazi tu. Hiyo ndiyo siasa yenyewe, hizo zingine ni kelele.

Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ni ya 1999. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasema maji yanayomwagwa mtoni yasiwe na kromiamu zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Kromiamu ndiyo dawa viwanda vingi vya ngozi hutumia.

"Teknolojia ni ghali, bado ni mpya." Mpya wapi? Kusafisha maji kwa stima kulipewa hataza Marekani mwaka wa 1906. Unatumbukiza vibamba vya chuma au alumini majini, unapitisha stima, chuma kinayeyuka polepole na kushika uchafu kuwa mabonge. Rangi inayobaki unaichuja kwa makaa maalum yenye matundu madogo sana, na hayo yanaweza kutengenezwa kwa maganda ya makadamia. Thika maganda hayo yapo tele, wengine wanayachoma tu kama kuni!

Ghali ni kweli kiasi. Vibamba vinaliwa, bili ya stima inakuja, na tope lenye kromiamu huwezi kulitupa popote. Kwa hivyo muulize mgombea: hilo tope litapelekwa wapi, na nani atalilipia?

Halafu kuna kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010. Kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Mkulima wa Yatta hana kura Kiambu, lakini korti haimuulizi kadi ya kura.