Msitu wa Miombo katika Picha Isiyo na Rangi

Ukitoka Tabora kwenda kusini, kupita Sikonge hadi Ipole, unapita katika miombo, msitu ambamo wenyeji hutundika mizinga ya nyuki. Upande huu wa kusini ndio aliouzungukia Henry Morton Stanley mwezi Septemba 1871, akikwepa vita ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, ili afike Ujiji kumtafuta Dkt. Livingstone. Mwaka 1872 kitabu chake kilichapishwa London kikiwa na picha za safari hiyo.

Zamani zile picha nyingi za vitabu zilichongwa kwenye mbao ngumu. Msafiri alileta michoro yake; mchoraji wa mjini, ambaye mara nyingi hakupata kuiona nchi yenyewe, aliichora upya; kisha fundi akachonga. Palipochongwa wino haukufika, pakabaki peupe. Palipoachwa pakawa peusi. Kazi ya fundi, basi, ilikuwa kuchonga nuru itoke gizani. Miti ya karibu aliiachia mistari minene, ya mbali myembamba, na msomaji akauona msitu ukienda mbali.

Lakini weusi ukizidi, msitu hutisha. Hivyo wengi huko Ulaya waliizoea nchi yetu kama mahali pa giza. Kumbe Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo huchipua majani mekundu kama shaba! Wino mweusi hauwezi kulisema hilo. Wala hausemi kwamba msitu huo ulikuwa ghala la asali, njia ya kazi kwa wapagazi wa Kinyamwezi, na njia ya machozi kwa waliofungwa minyororo.

Katika picha za namna hii wapagazi huonekana wadogo, wameinama chini ya mizigo, hawana majina. Wachache tunawajua: Chuma na Susi, walioongoza kuubeba mwili wa Livingstone kupitia Unyanyembe hadi pwani, mwaka 1873 na 1874. Wengine hatuwajui. Lakini Mungu aliyemwona Hajiri nyikani, kama tusomavyo katika Mwanzo 16, aliwaona nao, mmoja mmoja.

Wapendwa, tusizitupe picha hizi, maana ni sehemu ya kumbukumbu yetu. Tuzitazame, kisha tuwaulize wazee wetu ni nani waliopita njia ile. Majina watakayotutajia tuyaandike sasa, wangali hai.