Alama za Tupa
Mshahara wa mwezi mzima niliununulia kipulizio cha saksafoni ya tena, nakala ya Otto Link ya miaka ya 1950. John Coltrane alipuliza Otto Link ya chuma. Nami niliitamani sauti ile. Kompyuta ilipima umbo la kile cha kale, ikalirudia bila kukosea. Lakini vya kale vilimaliziwa kwa mkono. Fundi alipitisha tupa mahali utete unapotetemekea, na sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha kubadili sauti. Wamiliki waliofuata nao wakavichonga upya. Kumbe nimenunua mikono ya watu wasioandikwa popote. Sauti ya Coltrane sijaipata. Kila jioni ninawapulizia wao.